Fyuzi ya taa ndogo inakatika kila ukiwasha

Ndugu yangu, umesema ukiwasha taa ndogo za gari yako Probox tu fyuzi ya ampea 10 inakatika papo hapo, na jamaa wa steji amekwambia utie ya 30. Tafadhali usitie! Fyuzi kazi yake ni kukatika kabla waya haujayeyuka, ukitia kubwa utaunguza gari na wewe uko ndani.

Fanya hivi. Toa balbu zote za taa ndogo, mbele na nyuma hadi ile ya namba, alafu pale pa fyuzi unganisha balbu ya breki ya wati 21 kwa waya mbili, washa swichi. Ikiwaka kabisa shoti ipo, yaani waya wa umeme unagusa bodi mahali, lakini hakuna kitakachoungua manake balbu inazuia umeme mwingi usipite. Ikiwaka kwa mbali tu hizo ni taa za dashibodi, usihangaike. Kama imewaka kabisa, iache inawaka uende ukichomoa soketi moja moja na kutikisa waya, ukifika penye kasoro itazima ama itafifia.

Mimi ningeanzia mlango wa buti, pale waya zinapita ndani ya mpira karibu na bawaba, zinakunjwa kila ukifungua. Ya kwangu hapa Malindi nilivuta ule mpira nikakuta waya wa taa ya namba umechunika kama punje ya mchele hivi, shaba imekua kijani kwa hii chumvi yetu ya bahari, unagusa bodi. Usizungushie tepu tu, kata palipooza uunge kwa solda. Kisha rudisha fyuzi ya 10 ile ile.