Picha yangu imegeuka: nimeuziwa feki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilinunua picha ya zamani isiyo na rangi kwenye duka la mitumba hapa Leicester. Mume na mke wamekaa hoi, kiti kimepinduka sakafuni. Majuzi nilikwenda National Gallery, London, nikaikuta ileile ya rangi za mafuta. Ila yao mume yuko kulia, yangu yuko kushoto! Nimepigwa?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba. Kwa kugeuka tu, hujapigwa. Uliyoiona ni ya William Hogarth, mchoraji wa Kiingereza, ya pili kati ya sita alizochora mnamo 1743 kuhusu ndoa ya mtoto wa lodi aliyeishiwa na binti wa tajiri. Alizichora ili zitolewe chapa, yaani nakala za karatasi, na chapa zilitoka 1745, gini moja (sarafu ya zamani ya Uingereza) kwa seti nzima. Michoro yenyewe yote sita iliuzwa 1751 kwa gini 120, na roho ilimuuma.

Hiyo yako ilichongwa na Bernard Baron, Mfaransa. Bamba la shaba huchongwa, likapakwa wino, likakandamizwa karatasini, na kulia huwa kushoto. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Nikiwa kijana kibandani kwa baba mdogo, nilichonga muhuri wa mpira nikifuata herufi zinavyosomeka. Mteja alipougonga, jina lake likatoka kinyumenyume. Mpira ule nililipa mimi.

Maandishi ya chini yanasomeka sawa kwa sababu yalichongwa kinyume makusudi. Mtafute Baron hapo.

Kisha shika lenzi. Ukiona vidoti vidogo vilivyopangana, hiyo ni ya mashine ya juzijuzi. Ukiona mistari mitupu, papasa pembezoni kama karatasi imebonyea pale ukingo wa bamba ulipokandamiza. Lakini usikimbilie mnadani: mabamba yale yaliendelea kuchapa miaka mingi baada ya Hogarth kufa.

Ukiwa na lenzi mkononi, mwangalie yule mbwa mdogo. Pua yake iko kwenye kofia ya kike inayochungulia mfukoni mwa mume, na si ya mkewe. Msimamizi wa nyumba anaondoka na bili tele, mkono juu kama anayesema mimi nimenawa. Kwenye chapa mbaya mbwa huyo huwa doa tu. Wako akionekana manyoya, usiitundike jikoni kwenye mvuke.