Uliza Shangazi: Mheshimiwa anataka maiki kwenye sherehe yetu, tumpe?

Wiki hii barua karibu zote ni za sherehe. Nadhani ni kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 unazidi kukaribia na kila mwenye ndoto ya kiti ameanza ghafla kupenda ngoma za asili. Nimechukua tatu.

*Shikamoo Shangazi. Mi ni katibu wa kamati ya sherehe ya mtaa wetu huku Kwale, upande wa Msambweni. Kila mwaka tunafanya siku moja ya ngoma na chakula, Wadigo wanaleta sengenya, Wamakonde sindimba, mama mmoja wa Kikamba anakuja na kikundi chake cha kilumi, Wahindi wa maduka wanaleta bajia, tunachanga wenyewe. Mwaka jana mwanasiasa mmoja alitokea bila kualikwa akashika maiki dakika arobaini, akasema "sisi wenyeji tumechoka kutawaliwa na wageni". Wengine walicheka, wengine wakaanza kukunja viti. Sasa msaidizi wake kanipigia ati mheshimiwa atalipa tenti, spika na fulana mia tatu za rangi ya chama chake, tumpe tu nafasi ya kusalimia. Mweka hazina anasema pesa ni pesa. Na yule mama wa kilumi kaniambia mwaka huu "tutaona kwanza". Nifanyeje? – Katibu, Kwale*

Marahaba mwanangu. Mweka hazina namuelewa kabisa, kukodi tenti si mchezo. Ila mwambie apige hesabu ya upande wa pili pia. Spika zinakodishwa, kila mji kuna jamaa wa spika. Kilumi cha yule mama utakikodi wapi? Akisema "tutaona kwanza" ujue ameshaona tayari, anakupa heshima tu.

Alafu hilo neno "wageni", yaani mtu asimame Msambweni aliseme mbele ya Wamakonde! Hawa watu wazee wao walitoka Msumbiji miaka ya 1930 kuja kukata mkonge, wakazaa hapa, wakazika hapa, na bado watoto na wajukuu wakakaa bila kitambulisho, huwezi kufungua akaunti, huwezi kusajili simu, huwezi kupiga kura. Mpaka Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumuona rais, na 2017 ndo wakapewa vitambulisho wakahesabiwa kabila la 43. Wahindi nao wakatangazwa la 44 mwaka huo huo, Wapemba wa Kilifi wakafuata 2023. Kwa hiyo nusu ya watu waliokaa chini ya tenti yenu, kwa makaratasi, walikuwa wageni mpaka juzi tu, na muda wote huo mlikuwa mnaoana na kukopeshana sukari.

Na umuulize mheshimiwa wimbo wa taifa anaosimamia kifua mbele kila Madaraka, melodi yake imetoka wapi. Ni bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, mama anamlaza mtoto. Kamati ya 1963 haikwenda kutafuta kabila kubwa lenye kura nyingi, ilichukua wimbo wa watu wachache wa mtoni ukawa wa nchi nzima, na sijawahi kusikia mtu akikataa kusimama ati huo wimbo wa wageni.

Mi mwenyewe nilishawahi kukaa kwenye kamati kama yenu, wapi sitasema. Mgeni wa heshima aliahidi kufika saa nne asubuhi. Vijana wa ngoma wakawasha moto mapema kukaza ngozi, maana ngoma ikipoa inalia kama debe. Saa nne ikapita, saa sita, tukaambiwa yuko njiani (hawa watu huwa njiani tu), wakazirudisha kwenye moto, wakazirudisha tena, mara ya nne ngozi ya ile kubwa ikapasuka pwaa. Ilikuwa ya marehemu babu yao. Mheshimiwa kashuka saa nane na nusu, akasalimia, akaahidi lami, akaondoka hata wimbo mmoja hajausikia, na msafara wake ukawatimulia vumbi mabibi waliokuwa ndo wanafunua masufuria ya wali. Yule kijana alibaki ameishika ngoma hivi, kidole kimepita kwenye tundu, hasemi kitu. Tangu siku hiyo mi kwangu sherehe haisubiri gari la mtu.

Sasa usimkatalie. Ukimkatalia atazunguka mtaa mzima akisema kamati ni ya upinzani, na pia yeye ni mwananchi ana haki ya kula bajia. Mjibu kwa maandishi, WhatsApp inatosha, mwenyekiti awe ndani, ili kesho msaidizi asiseme mlikubaliana vingine. Mwambie anakaribishwa, na barua hiyo hiyo wapelekee na wapinzani wake, neno kwa neno. Tenti na viti akileta mtashukuru, jina lake litasomwa kwenye orodha moja na yule aliyeleta gunia la mchele, si kabla yake. Fulana hapana. Hapo usilegee kabisa, manake watu mia tatu wa rangi moja ukiwapiga picha hiyo ni mkutano wa kampeni, hakuna atakayejua ilikuwa sindimba. Na kikundi kikishavaa rangi ya mtu, wale wasiompenda hawatacheza.

Maiki ikae kwa MC na MC awe mtu asiyetishika. Mi ningetafuta mwalimu mstaafu, mwanamke, aliyemfundisha nusu ya mtaa, huyo hata waziri atamwambia "kaa chini baba". Salamu dakika tatu, muweke kati ya ngoma ya pili na ya tatu, usimuweke mwisho ng'o, mwishoni hakuna kinachomfukuza. Katikati kuna wapiga ngoma wamesimama nyuma yake na fimbo mkononi. Wanong'oneze tu: dakika ya tatu ikiisha, pigeni. Watu watashangilia, atadhani anashangiliwa yeye, kila mtu ataenda nyumbani amefurahi.

Akirudia mambo ya wageni, pigeni kabla ya dakika tatu. Na kuwe na kijana mmoja anarekodi kwa simu, kuna sheria ya utangamano ya 2008 inayofanya uchochezi wa kikabila kuwa kosa. Ilikuja baada ya yale ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa, na kabla ya panga kulikuwa na vineno vidogo vidogo kama hivi, kule Bonde la Ufa wenzetu waliitwa "madoadoa" na watu wakacheka pia.

Na akiondoa ofa yote? Basi mwembe. Si mnayo miembe Msambweni?

Ah, na yule mama wa kilumi usimpigie simu. Nenda kwake, kaa, kunywa chai, muombe yeye ndo afungue.

*Sasa Shangazi. Mi ni wa boda Nakuru. Tangu Juni 2024 nimefunga bendera ya Kenya kwa pikipiki, naipenda tu. Juzi nimebeba mzee akaniuliza we ni wa upinzani? Kwani bendera ni ya chama? Na jamaa mwingine wa steji anasema nitashikwa. – Wa Boda*

Poa. Bendera haina chama. Lakini huyo mzee muelewe, mwezi huo vijana waliopinga Mswada wa Fedha walijifunga bendera mabegani, wakaimba wimbo wa taifa mbele ya polisi na kusema hawana kabila, kwa hiyo wengine wakiiona wanasikia harufu ya tiagasi. Na viongozi nao wanaivaa kwa shanga mkononi kila siku, hao hakuna anayewauliza ni wa nani! Mwambie mzee "ni ya kwetu sote" alafu umshushe salama, usibishane ukiendesha.

Kushikwa sasa, huyo wa steji hajakosea sana. Sheria ya bendera, Sura ya 99, inaruhusu kupeperusha kwenye gari wakubwa wachache tu, rais, naibu wake, jaji mkuu, mawaziri, maspika. Mi ningeitoa hapo. Tena imeshakula vumbi na moshi miaka hiyo yote, si hata nyeupe yake imekuwa kijivu? Ifue uiweke nyumbani, we nunua bangili.

*Shangazi habari. Mimi Mtaita, mume wangu Mluo, binti yetu ana miaka minane amezaliwa Nairobi, anajua Kiswahili, Kiingereza na Sheng ya kwenye basi. Shule imesema siku ya utamaduni kila mtoto aje na vazi la kabila lake. Mama mkwe anasema mtoto ni wa baba, mama yangu amenuna, na mwenyewe anataka gauni la Kinigeria kama rafiki yake. – Mama Mmoja*

Nzuri mama. Nimecheka, samahani. Hata hiyo siku yenyewe haijui inaitwaje, tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Moi, ikafa na katiba ya 2010, mahakama ikaifufua 2017, 2019 ikaitwa Utamaduni, na 2024 ikawa Mazingira, kwa hiyo hakikisha na mwalimu kwanza asije akafika na shanga wenzake wote wameshika miche ya miti.

Mavazi mengi ya hizo siku ni shuka ya Kimaasai tu iliyonunuliwa jana yake jioni, usiumize kichwa. Katiba ibara ya 44 inasema hakuna wa kumlazimisha mtu kufuata mila fulani, ila hiyo usimsomee mama mkwe. Mpe kazi badala yake: achague vazi yeye. Alafu mama yako atume kikapu cha Kitaita, kile cha kusuka kwa mkono, mtoto akibebe. Kila bibi apige simu jioni moja amfundishe wimbo mmoja, mfupi, wa kwao. Mwalimu akiita "Waluo mstari huu" binti achague mwenyewe pa kusimama, na akisimama katikati usimsukume.

Gauni la Kinigeria atavaa Jumapili.