Kabla hujamwambia mchungaji "siwezi"

Uchaguzi wa wazee wa kanisa ukikaribia, simu yangu huanza kuita. Wanaonipigia ni watu wanaompenda Mungu kweli: mama anayezunguka kuombea wagonjwa bila kutangaza, kijana aliyeombwa kufundisha Shule ya Jumapili, fundi seremala ambaye jumuiya nzima imempendekeza awe mwenyekiti. Wanataka niwasaidie kupata maneno ya kukataa kwa adabu. Sababu zao nazifahamu, maana zote zimeshapita kinywani mwangu: nina kazi nyingi, watoto bado wadogo, sijui Biblia vizuri, wapo wanaofaa kuliko mimi.

Ninachowaomba kwanza ni wasome kitabu cha Kutoka, na waanzie sura ya 2. Wengi wetu tunaanzia sura ya 3, kwenye kijiti kinachowaka moto. Tunamsikia Musa akisema, "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao," tunausifu unyenyekevu wake, tunasonga mbele. Lakini nyuma ya maneno hayo kuna jambo lililotokea miaka arobaini kabla. Musa alikuwa ameshajaribu kuwatetea ndugu zake, akamuua Mmisri aliyekuwa akimpiga Mwebrania. Kesho yake akataka kuwapatanisha Waebrania wawili waliokuwa wakigombana, na yule mwenye kosa akamgeukia: "Ni nani aliyekuweka wewe kuwa mkuu na mwamuzi juu yetu?" Habari za yule Mmisri zikajulikana, Farao akamtafuta, akakimbilia Midiani.

Sasa rudi usome tena lile "Mimi ni nani." Mimi nikilisoma namsikia yule Mwebrania bado anaongea. Swali lake limekaa kifuani mwa Musa muda wote aliochunga kondoo wa mkwewe. Tena Stefano, katika Matendo 7:22, anatuambia kwamba Musa aliyelelewa Misri alikuwa "hodari wa maneno na matendo." Huyo huyo ndiye anayelalamika mbele za Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Sisemi alidanganya. Nadhani mtu akishavunjwa moyo, akakaa pembeni miaka mingi, hata alichopewa anaweza asikione tena.

Ndiyo maana nasema hofu yako ina mwanzo wake, na ni vizuri uutafute. Wa kwangu niliupata. Nilipokuwa msichana wa kipaimara nilipewa nisome somo la Agano la Kale ibadani. Nikafika kwenye jina la Nebukadreza, nikakwama. Nikarudia, nikakwama tena, na watoto wa viti vya mbele wakaanza kucheka. Baada ya ibada tulikuwa nje kwenye mnada, ndizi na kuku wa sadaka vikinadiwa, mtu mzima mmoja aliyeheshimika akaniambia mbele ya wenzangu kwamba kusoma Neno la Mungu si kazi ya kila mtu. Basi. Sidhani kama aliikumbuka sentensi hiyo hata jioni ile. Mimi niliibeba mpaka nikaolewa, na jumuiya iliponichagua niongoze, nikaanza kueleza habari za zamu za kazini. Zamu zilikuwepo kweli, lakini kilichonizuia ni sauti ile ya kwenye mnada.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika sababu unayotaka kumpa mchungaji. Chini yake andika ni nani aliyekuambia hivyo kwa mara ya kwanza. Wengine hawapati mtu, na hilo si tatizo. Lakini ukimpata, peleka jina lake kwenye maombi kabla hujapeleka jibu kanisani. Msamehe kama ni wa kusamehewa. Kisha mwulize Mungu kama naye anasema kama yule mtu.

Usiogope kumwuliza. Musa aliuliza na kupinga mara kadhaa, na kila mara alijibiwa. Aliposema "Mimi ni nani," Mungu hakumpamba kwa sifa, alimwambia, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Alipohofu kwamba hawatamwamini, aliulizwa ana nini mkononi, na ilikuwa fimbo yake ile ile. Hasira ya Bwana iliwaka pale Musa alipoishiwa sababu akaomba tu atumwe mwingine. Hata hapo hakufukuzwa. Aliambiwa kwamba Haruni, ndugu yake, yuko njiani anakuja kumlaki.

Kuhusu kutojua Biblia, hilo lina dawa, nayo ni kusoma. Mwaka 374 watu wa mji wa Milano, Italia, walimtaka gavana wao, Ambrosio, awe askofu, naye alikuwa hata hajabatizwa. Alijaribu kukwepa, ikashindikana. Baadaye aliandika wazi kwamba ilimbidi aanze kufundisha kabla hajajifunza. Alisoma kwa bidii akiwa tayari kazini, na mwaka 387 ndiye aliyembatiza Augustino, aliyekuja kuwa mmoja wa walimu wakubwa wa kanisa.

Zipo "hapana" za haki. Ukiwa unauguza mtu nyumbani, au ndoa yako inahitaji kutengenezwa kwanza, sema hivyo, na useme lini waje wakuulize tena. Na kama unahisi unapewa uhazini kwa sababu tu una duka, una haki ya kuuliza.

Mimi nilikubali nikiwa bado naogopa. Jumamosi ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, sebule ya jirani ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikeka mlangoni. Sala ya kufungua nilikuwa nimeiandika kwenye daftari la mwanangu la hesabu, na jasho la viganja likalainisha ukurasa. Katikati ya sala sauti ikakatika. Mama mmoja aliyekaa karibu na meza ya sadaka akaanzisha pambio, wote wakapokea, nami nikapata nafasi ya kuvuta pumzi. Tulikuwa tumekubaliana hivyo siku iliyotangulia, nilimfuata kwake nikamwambia waziwazi kwamba naogopa kukwama, yeye akasema, "Ukikwama nitaimba." Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu, na siku ilipofika ambapo sikumhitaji tena kwa pambio, alibaki kuwa mtu wa kwanza kunieleza ukweli kama mahubiri yangu yalikuwa marefu mno.

Basi ukienda kumwona mchungaji, nenda na mtu wa namna hiyo, au angalau uwe umeshazungumza naye. Mwambie mchungaji unachokiogopa hasa, usimfiche. Omba mwezi mmoja wa kukaa na anayemaliza muda wake umwone anavyofanya, na uliza ni semina gani unaweza kupelekwa. Wachungaji wengi hawawezi kukunyima hayo. Wanachokosa ni mtu wa kuwaomba.