Kioo cha mbele au dirisha la maonyesho?

Dada, umeuliza umwambie nini fundi wa alumini unapotaka kile kioo kikubwa cha mbele ya fremu ya duka lako, cha kuwekea midoli iliyovaa nguo. Kwenye makubaliano ya maandishi weka "dirisha la maonyesho". Kwa mdomo sema tu "kioo cha mbele", ila ongeza kwamba nyuma yake unataka jukwaa la kusimamishia midoli, maana usipolitaja atakufungia kioo kitupu na kudai hela yake. Neno "shelfu" liache. Utaletewa lile kabati la kioo la kupangia simu na manukato.

Jina si tatizo kubwa, tatizo ni mwanga. Mchana nje kukiwa kweupe na ndani giza, kioo hicho kinageuka cha kujitazamia: mpita njia anatengeneza mtandio wake na kuondoka, gauni lako hakuliona. Funga taa juu, karibu na kioo, zimulike nguo badala ya macho ya watu. Kibaraza chenye kivuli nacho kinasaidia. Na usiku usizizime: mfanyabiashara Gordon Selfridge alipofungua duka lake kubwa London mwaka 1909, aliacha madirisha yakiwaka usiku hata milango ikiwa imefungwa.

Fremu yako ikitazama magharibi, usiache batiki hapo wiki nzima. Jua la jioni litaichujusha upande mmoja, na hiyo huiuzi tena kwa bei yake.