Lugha ngumu kuliko zote: ngumu kwa nani?

Swali: Nimesoma kwamba lugha ngumu kuliko zote ni Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Mimi nimekua na Kiswahili na nataka kujifunza mojawapo. Orodha hiyo inanihusu?

Jibu: Inakuhusu nusunusu. Imetoka katika chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia. Humo hukadiriwa saa za darasani anazohitaji mzungumzaji wa Kiingereza mpaka aweze kufanya kazi kwa lugha ngeni: Kihispania kama saa 600 hadi 750, hizo nne ulizotaja saa 2,200. Kiswahili nacho kimo, kama saa 900. Kinachopimwa pale ni umbali kutoka Kiingereza, na wewe huanzii huko.

Tazama Kiarabu. Mmarekani anaanza mikono mitupu, wewe tayari una wakati, dakika, habari, sita, saba, tisa, ishirini. Sauti za dh na gh unazo kinywani (kama husemi "zahabu", lakini). Kitakachokutoa jasho ni wingi. Sisi tulipolipokea neno kitabu tulidhani lina ki- ya ngeli, tukasema vitabu, yakaisha. Mwarabu hulivunja neno lenyewe: kitab, kutub. Mivunjo hiyo ina ruwaza nyingi, na mara nyingi huna budi kukariri neno kwa neno. Halafu kuna Kiarabu sanifu na cha mitaani, na cha mitaani Morocco hakifanani na cha Misri. Hapo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba wanajifunza lugha mbili.

Kichina kina vitenzi visivyobadilika kwa nafsi wala njeo. Shida ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno: "ma" moja ni mama, nyingine ni farasi. Kiswahili hakina toni, ila lugha nyingi za Kibantu zinazo, na anayejua mojawapo huwa na sikio lililokwisha kuzoea.

Kikorea kinaogopwa kupita kiasi. Alfabeti yake, iliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi za msingi 24 tu. Utaisoma ndani ya siku chache. Vitenzi vyake vimebeba viambishi vingi, lakini anayesema "hatukuwaambia" kwa pumzi moja hawezi kutishwa na hilo. Tofauti ni kwamba wao hubandika mwishoni, na kiambishi hubadilika kulingana na heshima ya unayezungumza naye.

Kwangu mimi kigumu kati ya hizo nne ni Kijapani, kwa sababu ya maandishi: mifumo miwili ya silabi pamoja na kanji (herufi zilizotoka Uchina) 2,136 za matumizi ya kawaida, na kanji moja huweza kusomwa kwa namna kadhaa.

Ningekuwa wewe ningeanza na Kiarabu, na kabla ya somo la kwanza ningeamua nataka cha nchi gani.