Vijana wa plani ya mgodi, kabla ya matriki shukeni shimoni

Vijana nawapenda sana ila nimeletewa tena AHP (njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili ili kupata uzito wa kila kimoja) ya kuchagua dampa, yale malori ya kubeba mawe, matriki, yaani jedwali la ulinganishi huo, imekaa vizuri, CR (kipimo cha majibu kugongana) 0.06, na aliyeileta hajawahi kusimama kuangalia loda, mashine ya kupakia, ikipakia. Jamani. Shikeni haya.

1. CR chini ya 0.10 inasema tu majibu yako hayagongani sana, haisemi umechagua vizuri. Saaty, aliyebuni AHP, alitupa skeli ya 1 mpaka 9 ili tupime maoni ya watu wanaoijua kazi, sasa ukijaza mwenyewe ofisini usiku hayo ni maoni ya nani?

2. Cha lazima hakipewi uzito. Hapa nisikilizeni, maana paliniuma na bado panauma. Tulikuwa tunachagua dampa, loda tayari ipo na hainunuliwi nyingine. Tukaweka vigezo saba, bei, mafuta, spea na vingine, na kuendana na loda nako tukakuweka humo humo kama kigezo kimojawapo, na mimi nilikuwa kati ya waliotetea hivyo. AHP inajumlisha, ndo kazi yake, kwa hiyo dampa iliyofeli pale ikabebwa na bei mpaka ikaongoza. Zilipofika bodi iko juu, ndoo ya loda haifiki katikati, mzigo wote unalalia upande mmoja, mawe yanamwagika njiani yanachana tairi, na kila siku dozer inaacha kazi yake kwenda kumjengea opareta tuta la kupandia ndo apakie. Opareta huyo huyo angetuambia siku ya kwanza kabisa, hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo kimo cha kumwagia, upana wa barabara, mwinuko wa rampu, ndoo ngapi zinajaza dampa moja (kwa kawaida tatu mpaka sita), hivyo vyote ni chujio. Mashine isiyopita hapo isiingie kwenye matriki hata ingekuwa ya bure.

3. Ukishaweka gharama za uendeshaji usiweke tena mafuta pembeni, umeyahesabu mara mbili.

4. Vigezo 12 ni ulinganishi 66. Umpe fundi aliyetoka shifti ya usiku, akifika katikati anaandika 3 kila mahali na siwezi kumlaumu. Vigezo sita ni 15 tu, huyo atamaliza bado anafikiri.

5. Mkihamia TOPSIS (njia nyingine, inapanga mashine kwa ukaribu wake na iliyo bora kabisa) msidhani mmekwepa, yenyewe haitoi uzito, inausubiri kutoka kwenu. Pandisha uzito wa bei, shusha, nafasi ya kwanza ikihama kirahisi iandike kwenye ripoti wazi wazi, bosi ana haki ya kujua.

6. Na kwenye spea msijaze alama kwa kusoma broshua ya muuzaji. Nendeni stoo, ulizeni mashine gani ililala ikisubiri nini na ilisubiri muda gani, halafu ndo mrudi mjaze.