Mate ya mume wangu yamemkanusha Árpád?

SWALI: Mume wangu ni Mhungaria, tulikutana nikisoma Debrecen. Amepima DNA kwa kampuni ya mtandaoni, majibu yakaja Ulaya Mashariki karibu yote, Asia hakuna. Shemeji anasema basi habari za Wamagyari, mababu wa Wahungaria, kutoka mashariki ni uongo. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Si kweli, dada. Karatasi za namna hii naletewa kila mara, na kosa ni lilelile: watu wanadhani lugha, damu na taifa husafiri pamoja.

Wamagyari, wakiongozwa na Árpád, waliingia bonde la Carpathia, iliko Hungaria ya leo, mnamo 895. Makaburini Karos, kaskazini-mashariki mwa Hungaria, utakuta mpiganaji kazikwa na fuvu na miguu ya farasi wake, na mifupa ya wengi wao ina asili ya upande wa Urali na Siberia. Nenda kwenye makaburi ya wanakijiji wa zama hizohizo: wengi wanafanana na wenyeji waliokuwapo kabla. Wageni walikuwa wachache, ila walishika utawala na lugha yao ikashinda. Wakaoana na wenyeji. Mwaka 1241 Wamongolia wakalivunja jeshi la mfalme Béla IV pale Mohi. Nchi ilipopoa akawarudisha Wakumani, watu wa nyika, akawapa ardhi kati ya mito Danube na Tisza, na Wajerumani wakakaribishwa pia. Baada ya vizazi zaidi ya thelathini vya kuchanganyika hivyo, shemeji alitarajia Asia ibaki asilimia ngapi?

Wanaoniudhi hasa ni wauza vipimo. Asilimia zile hazikutokana na mifupa ya Karos. Kampuni inalinganisha mate ya mumeo na watu walio hai leo, kwa hiyo "Ulaya Mashariki" maana yake anafanana na majirani zake wa sasa, basi. Ikiongeza sampuli mwakani, asilimia zitabadilika na mate ni yaleyale. Halafu anajitokeza mjanja anayetoza hela akusomee "kabila la kale". Msimpe hata senti. Pwani yetu nako vijana wanapima ili wathibitishe Ushirazi, wengine waukane, na ndugu wanagombana kwa ajili ya karatasi. Kila mzazi humpa mtoto nusu tu ya DNA yake, nusu nyingine inaachwa. Babu wa karne ya 10 anaweza asiwe na hata kipande ndani ya mjukuu wake wa halali kabisa.